Mlingoti Ulioinamia Mbele

Jumatatu, 21 Juni 1976

Mashua ni yetu! Barua ya wilaya imefika leo kutoka Biharamulo, imegongwa mhuri mara mbili na kumwagiwa chai mara moja. Mnorwe wa mradi wa samaki amemaliza mkataba, amerudi kwao, na mashua yake ya tanga ya watu wawili amekiachia Kijiji cha Ujamaa Kihengere. Nyeupe. Nyembamba kama kijiko. Mlingoti mrefu kuliko msalaba wa kanisa. Na nyaya! Mbili ubavuni na moja mbele, zote za kuushika mlingoti usianguke. Halafu nyingine mbili zinazoning'inia bila kazi, kila moja na pete mwishoni. Niliwaeleza watu kwamba hizo ni za kunasia redio. Hakuna aliyebisha. Hivyo ndivyo elimu inavyofanya kazi.

Mkutano wa kijiji saa nane. Furaha yangu ikaharibiwa na Kazimili. Huyu ni katibu wa kamati ya kazi, mtu wa Shinyanga, mwenye ng'ombe arobaini ambao siku ya kuhesabiwa huwa ni wa shangazi yake. Alisimama kudai ubao wangu. Ubao wangu! Gazeti la ukutani la Kihengere, futi sita kwa nne, nimelichonga mwenyewe, nimelisimamisha mbele ya ghala la pamba, na kila Ijumaa nalijaza makala kwa mkono wangu. Yeye anataka kubandika hapo orodha ya wasiofika shamba la kijiji. (Jina la kwanza kwenye orodha hiyo sina haja ya kulitaja. Mwalimu wa elimu ya watu wazima hulima akili.) Najua kinachomuuma. Ni makala ya wiki jana, "Kupe Mwenye Pembe Themanini". Haikumtaja mtu. Pembe themanini zinaweza kuwa za mtu yeyote mwenye ng'ombe arobaini.

Akauliza kama kuna aliyewahi kusoma makala zangu hadi mwisho. Hakuna mkono ulioinuka. Mzee Bartholomayo, mwenyekiti wetu, alisema yeye akianza tu kusoma macho humtoka machozi. Nilimshukuru.

Hapo damu ikanichemka. Nikasema mashua iamue! Siku ya Sabasaba, mbele ya umma, mashua yangu ishindane na mtumbwi wake wa makasia manane, kutoka mwaloni panaposhushwa samaki hadi Ncha ya Kasenyi. Mshindi achukue ubao. Nani awe mwamuzi? Nilimkataa kila aliyetajwa, maana nusu ya kijiji ni mashemeji wa Kazimili na nusu nyingine hunywa maziwa yake. Kazimili akasema basi tuamue kama ngoma za kwao Usukumani zinavyoamuliwa. Vikundi viwili hucheza uwanja mmoja, wakati mmoja, bila mwamuzi. Watazamaji wakikihama kimoja wakakimbilia kingine, kilichokimbiliwa ndicho kimeshinda.

"Miguu ya watu ndiyo itakayopiga kura," alisema.

Nikakubali papo hapo. Demokrasia tupu!

Nilipofika nyumbani nikakumbuka kwamba sijawahi kupanda mashua. Bukiriro nilikozaliwa kuna migomba.

Jumatano, 23 Juni

Kijitabu cha Mnorwe kimepatikana ndani ya mashua. Kinaeleza namna ya kurekebisha nyaya zote, moja baada ya nyingine. Kwa Kinorwe. Nasoma Kiswahili, Kiingereza, Kilatini cha seminari na Kifaransa cha Wabelgiji. Kinorwe hapana. Lakini picha ni lugha ya wafanyakazi wa dunia nzima.

Picha ya kwanza imenikosesha chakula. Mtu mmoja amekaa ndani, ameshika usukani. Mwenzake yuko nje kabisa! Nyayo zimekanyaga ukingo, mgongo uko juu ya maji, na mwili mzima umening'inia kwa mkanda wa kiunoni ulionaswa kwenye ule waya nilioita wa redio. Uzito wake ndio unaoizuia mashua isipinduke. Yaani mmoja anaongoza, mwenzake anatumiwa kama jiwe la mizani! Nimeandika makala bila hata kukaa: "Mmoja Akaa, Mwenzake Aning'inia". Maneno elfu moja na mia mbili. Hitimisho lina moto.

Picha ya pili ni mbaya zaidi. Mlingoti umelala nyuma. Kidogo tu, lakini nyuma! Gaspari, shemeji yangu, fundi baiskeli na mwenzangu wa mashuani, akasema ndivyo unavyotakiwa kuwa. Akanionyesha bamba la chuma puani mwa mashua, lina matundu sita, ndipo waya wa mbele unapofungwa. Tundu alilotumia Mnorwe limelika. Tuufunge hapo hapo, akasema. Mlingoti ukilala nyuma kidogo, mashua huutafuta upepo yenyewe. Ukiinamia mbele, itaukimbia. Nikamuuliza ni taifa gani limewahi kuendelea kwa kuegemea nyuma.

"Shemeji," akasema, "huu ni mlingoti."

Mafundi ndivyo walivyo. Mikono mizuri, nadharia hakuna. Nikalipeleka suala kwa mabalozi wa nyumba kumi, wote wanne. Hoja: mlingoti wa Kihengere uiname kuelekea tunakokwenda. Kura nne kwa moja. Ile moja ni ya Gaspari, ambaye si balozi.

Ijumaa, 25 Juni

Leo kukaza nyaya. Mnorwe alikuwa akikaza peke yake asubuhi na mapema, kama mtu anayeficha jambo. Sisi tumekaza kwa pamoja, mchana kweupe. Kila waya wa ubavuni una skrubu ya kukazia chini yake. Balozi Eustakia akapewa wa kulia, balozi Laurian wa kushoto.

Labda sikupaswa kusema kwamba waya uliokazwa vizuri hulia ukigongwa. Eustakia akagonga wake, ukalia. Laurian akagonga wake, ukalia kidogo. Laurian hakuweza kuvumilia nyumba zake kumi zionekane legelege mbele ya nyumba kumi za Eustakia. Akakaza. Eustakia akakaza. Watu wa kila upande wakaanza kuwaimbia. Kufikia saa sita nyaya zilikuwa zinalia kama mbu, mlingoti umejipinda kama ufito wa kuvulia samaki, na ubavu wa mashua unaguna. Gaspari akatega sikio, kisha akarudi nyuma hatua kumi na kuwaomba wengine warudi naye.

Akasema nyaya hizi mbili lazima ziwe sawa. Sawa! Hatimaye ameelewa ujamaa. Tukazilegeza, tukazipima upya kwa kamba ya katani. Kamba ya katani huongezeka urefu ukiivuta, na Eustakia anavuta kuliko Laurian. Matokeo: mlingoti umeinama mbele, na pia kushoto. Gaspari akataka turudie. Nimekataa. Kushoto ni msimamo.

Jumapili, 27 Juni

Swali la leo: nani aning'inie?

Nilishamweka Gaspari. Ana kilo tisini na tano. Mimi nina hamsini na mbili nikiwa na viatu. Sayansi iko wazi. Lakini baada ya misa, nje ya kanisa, Gaspari akatangaza kwamba haning'inii. Ana watoto sita. Nikaanza kumweleza wajibu wa mwananchi, mara Kazimili akapita. Kazimili si Mkatoliki. Jumapili hana shughuli upande huu. Alikuwa anapita tu, na mfukoni alikuwa na nakala ya makala yangu, ameinakili mwenyewe. Akaisoma kwa sauti mbele ya waumini. Yote! Mtu wa kwanza Kihengere kufika mwisho wa makala yangu, na ni yeye. Hitimisho, lile lenye moto, linasema kwamba kiongozi wa kweli haketi wakati mwenzake ananing'inia.

Akaikunja karatasi taratibu.

"Imeandikwa vizuri sana hii, Mwalimu," akasema.

Makofi. Hata padri alipiga.

Basi nitaning'inia mimi. Niliwashukuru kwa kuniamini.

Mchana nikafanya mazoezi ndani ya ghala la pamba. Nilifunga kipande cha waya kwenye boriti, nikavaa mkanda wa Mnorwe. Mnorwe alikuwa mtu wa tumbo. Nimeuzungusha mara mbili. Nikanasa ndoano, nikaachia miguu. Kwenye picha mtu hulala chali juu ya maji kama anayepumzika. Mimi niligeuka kifudifudi nikaanza kuzunguka, polepole, juu ya magunia. Kushuka hakukuwezekana. Ndoano haitoki mpaka mtu ajiinue, na mimi sikuwa na pa kukanyaga. Baada ya muda mrefu Ildefonsa, mke wangu, akaingia. Akatua kikapu. Akaniangalia mizunguko kama mitatu.

"Baba Adelfina," akasema, "ndizi zinapoa."

Akaondoka. Nilikaa pale hadi Laurian alipokuja kuhesabu magunia. Alihesabu kwanza.

Jumanne, 29 Juni

Nimeuona mtumbwi wa Kazimili ukifanya mazoezi. Vijana wanane wa nguvu, na nyuma yao Ng'washi, mwimbaji, anayewapa mapigo. Anaimba, wanaitikia, makasia manane yanaingia majini kama kasia moja. Nimesikia pia kwamba Kazimili atachinja dume pale Ncha ya Kasenyi, nyama ichomwe kuanzia asubuhi, ili miguu ya watu ijue pa kuelekea. Rushwa! Anawaonga wapiga kura kwa mbavu!

Lakini nina kalamu. Nikabuni jambo. Nimebandika tangazo: mtihani wa kisomo siku ya Sabasaba, saa tatu asubuhi, kwa kila mtu asiye na cheti, asiyefika ataripotiwa wilayani. Wale vijana wanane ni wachunga ng'ombe. Watakuwa darasani, na Kazimili atapiga makasia na shangazi yake.

Jioni nikafungua daftari kuhakikisha. Wote wanane wana vyeti. Niliwasahihisha mimi mwenyewe mwaka jana, nilipoiandikia wilaya kwamba Kihengere tumefaulu kwa asilimia tisini na tisa. Kijiji kizima wasio na cheti ni wawili. Mmoja ni Gaspari, nahodha wangu, ambaye kila siku ya darasa huwa na baiskeli ya mtu. Wa pili nilisoma jina lake mara tatu.

Saa moja akabisha hodi mlango wa uani. Nikasema shikamoo. Mzee Bartholomayo akaitikia marahaba, akakaa, akanywa maji, akaongelea pamba. Halafu, akiwa anatazama gilasi, akauliza kama huo mtihani ni lazima uwepo. Yale machozi yake ya mkutanoni. Mimi, mtu niliyesoma vitabu vyote hivi, nilidhani ni utamu wa maandishi yangu.

Nimefuta mtihani. Sababu iliyobandikwa: uhaba wa chaki. Nimemwambia Mzee kwamba Jumatatu na Alhamisi, saa moja jioni, mlango wa uani huwa wazi na mimi huwa sina kazi. Alipofika mlangoni aliuliza kama aje na daftari lake.

Sitaandika makala juu ya hili.

Ijumaa, 2 Julai

Jaribio la kwanza majini. Gaspari aliifunga mashua kwa kamba ndefu kwenye mti wa ufukweni. Nilimwambia kamba hiyo ni dalili ya woga. Akaifunga mara ya pili.

Tukapandisha tanga. Upepo wa kiangazi unatoka upande wa Ncha ya Kasenyi, yaani kule kule tunakotaka kwenda. Gaspari anasema mashua ya tanga haiwezi kuuendea upepo moja kwa moja. Inauendea kwa mshazari, mara huku, mara kule, kama mtu apandaye mlima na baiskeli. Sawa. Tukaanza mshazari. Mashua ikaenda hatua ishirini, ikasita kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, ikageuka, ikafuata upepo kwa mbio hadi kamba ikaikamata. Tukaivuta. Tena. Ikageuka. Mara saba! Gaspari aliushika usukani kwa mikono miwili na goti.

Akasema ni mlingoti. Tuurudishe nyuma tundu moja tu, na Laurian alegeze waya wake nusu mzunguko. Aliongea taratibu, kwa heshima, kama anayembembeleza ng'ombe. Nikamwambia mashua inageuka kwa sababu ina shauku ya kwenda mbele isiyopata mwelekeo thabiti. Dawa ya shauku ni shauku zaidi. Nikausogeza mlingoti mbele tundu moja.

Gaspari akakaa mchangani akaangalia ziwa kwa muda mrefu.

Kisha waya wangu wa kuning'inia. Mrefu mno: kila wimbi makalio yanaingia majini. Nikaukunja na kufunga fundo. Sasa mfupi mno: ni vidole vya miguu tu vinavyofika ukingoni. Nikaulegeza. Makalio. Nimechagua ule mfupi. Mtu wa mbele aonekane kutoka mbali.

Jumanne, 6 Julai

Ubao wangu umeng'olewa mbele ya ghala na kupelekwa mwaloni, uwekwe wazi kama zawadi. Niliufuata nyuma kama mfiwa. Nimeubandikia toleo maalumu, kurasa kumi na moja. Kazimili alikuwepo. Akauliza kwa upole kama ukurasa unapwaya pembeni, ili apate pa kuanzia kubandua.

Ildefonsa ananiuliza nitafanya nini nikishindwa. Miaka kumi na miwili nimewafundisha watu kusoma, na mahali pekee ambapo mtu ananisoma mimi ni pale. Bila ubao mimi ni mtu mwembamba mwenye maoni. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia kushindwa ni fikra za kikoloni.

Jumatano, 7 Julai. Sabasaba

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa kwenye ubao mwembamba. Nitaeleza yote kwa mpangilio.

Umati mkubwa kuliko niliowahi kuuona Ziwa Magharibi yote. Bendera za TANU, ngoma, sare za shule. Moshi wa nyama ukipanda kule Kasenyi. Mtumbwi wa Kazimili kulia, sisi kushoto. Gaspari alikuwa na rozari shingoni, na kiunoni mipira miwili ya ndani ya baiskeli iliyojazwa upepo. Mzee Bartholomayo akapuliza filimbi.

Ng'washi akaanza kuimba, makasia yakaingia. Sisi tukavuta tanga. Nikanasa ndoano, nikatoka nje, nikaning'inia. Na kwa muda wa Baba Yetu moja, niseme ukweli, ilikuwa raha ambayo sijawahi kuionja. Maji yanakimbia chini ya mgongo wangu. Mashua imesimama wima, na mimi ndiye ninayeisimamisha, mimi, kilo hamsini na mbili! Tukawapita. Nilimwona Kazimili akigeuza shingo.

Kisha mashua ikasita.

Gaspari akaukandamiza usukani kwa mikono, kwa goti, kwa tumbo. Ikageuka. Ikaipa Kasenyi mgongo na kukimbilia kaskazini, kinyume kabisa, kwa mwendo ambao hakuna mtumbwi umewahi kuuona. Upepo sasa uko nyuma yetu, mimi sina cha kuegemea. Nikang'oka ukingoni. Nikazunguka mbele ya mlingoti nikagonga waya wa mbele, nikarudi nikapiga teke kofia ya Gaspari, nikaenda tena. Kujinasua siwezi, nyayo hazifiki popote. Kila nikigonga, ufuko mzima unasema eeeh.

Ndipo nikawaona. Walikuwa wanakimbia! Wote! Wanawake wamekunja khanga, wazee na fimbo zao, kwaya na kiongozi wake, wachoma nyama na uma zao mkononi. Mbele ya wote mke mkubwa wa Kazimili. Hakuna aliyebaki nyuma. Niliwahutubia kila nilipopita upande wao. Wanasema nilikuwa nalia. Nilikuwa nahutubia.

Waya wa kushoto, ule wa Laurian, ukakatika kwa mlio wa bunduki. Mlingoti ukaanguka. Ukaanguka mbele, kama nilivyosema tangu mwanzo! Tukaingia kwenye mafunjo. Mimi niliingia kichwa kwanza, mkono wa kulia chini yangu, nimenaswa kwenye waya, waya uko chini ya mlingoti, mlingoti uko chini ya tanga. Giza. Tope. Na kila mtu anajua kuna mamba mafunjoni mle. Sikumbuki nilipiga kelele gani.

Eustakia, aliyekuwa ametangulia mbio, alihitaji kitu cha kuelea. Mtumbwi pekee uliokuwa majini ulikuwa Kasenyi. Laurian alikuwa ameubeba ubao wangu kichwani muda wote, maana aliambiwa asiuache peke yake. Wakautupa majini. Eustakia akaulalia kifua, akaja akipiga maji kwa mikono, akaukata mkanda wangu kwa panga, akanipandisha. Ubao ukapasuka katikati chini yetu. Kurasa kumi na moja zikaelea kidogo, zikanywa maji, zikazama.

Kisha Eustakia akasimama. Maji yalimfika kiunoni. Hili halikuwa wazi kwa mtu aliyeingia kichwa kwanza.

Alhamisi, 8 Julai

Mkutano wa kijiji. Mkono unauma. Nilikaa nyuma kabisa, kwa mara ya kwanza.

Kazimili akasimulia upande wake. Walifika Kasenyi wakiwa wanaimba, wakainua makasia juu, na kule hakukuwa na mtu. Hakuna hata wachoma nyama. Palikuwa na dume zima limeiva na mbwa watatu. Wamekula wanavyoweza. Vijana wake wawili bado wamelala.

Watu wakaanza kubishana. Wengine wakasema aliyefika Kasenyi ameshinda. Mwingine akasema Mwalimu hakufika popote, alifikishwa. Mzee Bartholomayo akainua mkono. Kisha akamuuliza Kazimili, mbele ya wote, kwao ngoma huamuliwaje.

Kazimili alikuwa na nafasi ya kudanganya. Mimi ningeitumia. Akavua kofia.

"Hata mke wangu alikimbia," akasema. "Miguu imeshapiga kura. Ubao ni wa Mwalimu."

Kelele! Nikabebwa, kwa mkono mbovu, nikapiga yowe, wakadhani ni furaha. Kisha Laurian akaniletea zawadi yangu: vipande viwili vya mbao, vimevimba maji, havina hata herufi. Kazimili akaja kunipa mkono. Akaniambia tuonane shambani Jumatatu, palizi ni nyingi, na mkono mmoja unatosha kung'oa magugu. Nikamjibu kwamba nitalitafakari pendekezo lake.

Jumapili, 11 Julai

Siku tatu za kutafakari. Nimefikia hitimisho.

Ule haukuwa ushindi wa bahati. Watu wote wale hawakukimbia kutazama ajali. Walikimbia kwa sababu gazeti lililosimama ukutani halimfuati msomaji, na gazeti linalokwenda humlazimisha alifuate. Miaka kumi na miwili nimekosea kitu kimoja tu: nimeandika juu ya kitu kisichotembea!

Gaspari ameunga waya uliokatika kwa nyaya za breki, ameusimamisha mlingoti, na ameufunga kwenye tundu la Mnorwe bila kuniuliza. Mashua imekaa vizuri. Mnyenyekevu sana mlingoti ule, umelala nyuma kama mtu aliyeshiba. Nilingoja aondoke. Nimeufunga tundu la mwisho kabisa la mbele. Sasa ukitazama kutoka ufukweni unaona dhahiri nia yake.

Kisha nimechukua rangi nyeusi ya kuandikia magunia ya pamba na kulijaza tanga lote, juu hadi chini, makala mpya: "Nani Aliogopa Kwenda Mbele?". Aya kumi na tisa. Limekauka saa tisa. Nikalipandisha pale mwaloni, nikaingia majini hadi magotini kulitazama. Nilitokwa machozi. Gazeti la kwanza la tanga katika Afrika, nadhani. Toleo linatoka Ijumaa, upepo ukiruhusu. Nimeshamjulisha Gaspari kwamba yeye ataongoza na mimi nitaning'inia, mkono ukipona au usipopona. Ameomba muda wa kuongea na padri.

Ildefonsa alikuja na uji. Akasimama ufukweni, akasoma, au alijaribu. Akainamisha kichwa upande mmoja, kisha mwingine. Akasema kutoka huku nchi kavu maandishi yote yanaonekana kinyume, kama ndani ya kioo.

Nimemweleza kwamba wasomaji makini watahamia upande wa ziwani.